Ukumbi wa Leo

Nchi ya Marejea haina vibao. Barabara hazijaandikwa majina, maduka hayana maandishi juu ya mlango, na mtu akionekana sokoni ameshika karatasi ya vitu anavyotaka kununua, wauzaji humcheka mpaka aichane. Wenyeji wanaliona hili kuwa jambo la fahari. Waliniambia kabla sijaweka begi chini: mtu anayeegemea kitu ili akumbuke, huyo hakumbuki, kile kitu ndicho kinachomkumbukia. Hiyo ndiyo sheria yao ya kwanza. Watoto huiimba wakiruka kamba.

Sitaeleza nilifikaje. Nitaeleza niliyoyaona, tena nitayaeleza polepole, maana nimeishi vya kutosha kujua kwamba jambo la namna hii ukilisema kwa kelele, watu husikia kelele tu.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja aitwaye Mashavu, fundi wa kushona magodoro, aliyeishi na mwanawe wa pekee, Kombo, mtoto wa miaka tisa. Kombo alikuwa mwembamba, msafi, mwenye tabia ya kupapasa mshono wa godoro kutoka ncha hii hadi ncha ile kabla hajakubali mtu alikalie. Maneno yake yalikuwa machache. Nilipomsalimu alitazama kifungo cha shati langu, akakisalimu hicho.

"Usimtafute macho," Mashavu aliniambia. "Ukimtafuta macho anaondoka."

"Anakwenda wapi?"

"Ndani. Na akishakwenda huko, wewe mpangaji utahama kabla hajarudi."

Kwetu mtoto wa namna hii wataalamu husema ana usonji. Dada yangu anaye mmoja, na nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali na ya ofisi za elimu nikisikia anavyoelezwa na watu waliomwona kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nayakumbuka majina yao yote. Marejea hawana neno usonji. Wao husema kwa kifupi: hana jana.

Na hawasemi hivyo kwa kukisia. Wanapima. Kila mtoto akifika miaka saba huingizwa katika Chumba Cheupe, chumba kisicho na dirisha, kiti wala picha. Anasimama katikati. Mbele yake husimama mpimaji ambaye mtoto hajapata kumwona, naye hutamka neno moja tu: "Jana." Baada ya hapo husubiri. Mtoto anatakiwa kuisimulia siku ya jana tangu mwanzo hadi mwisho, akimtazama mpimaji usoni. Hairuhusiwi kumwuliza, kumwitikia kwa kichwa wala kumwanzia. Akisimulia, anapelekwa shule. Akishindwa, anarudishwa mwaka unaofuata, na mwaka mwingine tena. Akishindwa mara ya tatu, anapelekwa Ukumbi wa Leo, hulala huko huko, na wazazi hawaruhusiwi kumtembelea. Niliuliza kwa nini. Nikajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba mtoto asiye na jana hawezi kumjua mtu aliyemzaa, kwa kuwa huko kuzaliwa kulikuwa zamani.

Kombo alikuwa amekwisha kuingia mara mbili.

"Mara ya kwanza alihesabu vigae vya sakafu," Mashavu alisema. "Mara ya pili alijilaza akasinzia. Jumatatu ijayo ndiyo ya mwisho."

"Na wewe unaamini hakumbuki?"

Alikuwa ameshika sindano kubwa ya magodoro, akaichomeka kwenye kitambaa, akamwinamia mwanawe aliyekuwa chini akipanga vipande vya pamba. Hakumwuliza kitu. Alisema tu, kama mtu anayesimulia hadithi yake mwenyewe: "Lile bata la Bi Mize lilipoingia jikoni kwetu..."

"Lilikula sabuni," alisema Kombo.

"Likala sabuni. Halafu..."

"Likatoa povu. Bi Mize akasema, 'Nani kamlisha bata wangu sabuni?' Mama ukasema, 'Kajilisha.' Bi Mize akasema, 'Bata hana mkono.'" Akacheka peke yake, kicheko kirefu, huku akiendelea kupanga pamba. "Bata hana mkono!"

Mashavu akaninyanyulia uso. "Ni kama mlango uliovimba kwa mvua. Ukisimama mbali ukauambia funguka, haufunguki. Ukiusukuma kidogo pale juu, unafunguka wenyewe. Mimi nakwenda Barazani kuwaomba wausukume. Kidogo tu. Nawe twende, una mdomo."

Kabla ya siku ya Baraza nilikwenda kumwona Mpimaji Mkuu, Mheshimiwa Shaame, nipate kuisikia elimu yao kutoka kwa mwenyewe. Hapa sina budi kueleza desturi moja, kwani bila hiyo msomaji hataelewa kilichofuata.

Kila mwenye cheo Marejea ana mnong'onezi. Huyu ni mtu aliyevaa koti la kijivu na viatu vya nyayo laini, anayesimama nyuma ya bega la kushoto la bwana wake na kumpa masikioni kila anachokisahau: jina la mgeni, shauri la wiki iliyopita, mahali alipoweka miwani. Mkubwa akipanda cheo, mnong'onezi wake hupewa koti zito zaidi. Lakini hawaitwi hivyo hadharani. Huitwa upepo. Sheria imewatangaza kuwa sehemu ya mwili wa ofisi, kama vile goti lilivyo sehemu ya mguu, na kumwona mnong'onezi ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kumchungulia mtu bafuni. Watu wa kule wamefunzwa hivyo tangu utoto, na naapa kwamba wengi wao hawawaoni kweli.

"Karibu, karibu sana, Bwana..." alisema Shaame, akiegemea nyuma kidogo.

"Feruzi," alinong'ona yule wa nyuma, aliyeitwa Machano.

"...Bwana Feruzi!"

Jina langu si Feruzi. Nilisema hivyo. Machano akanitazama kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kulitoa jambo mdomoni na hana nafasi ya kulirudisha. Hadi jioni nilikuwa Feruzi katika ofisi zote, na nikawa naitika.

Shaame alikuwa mtu mpole, mwenye mikono safi. Alinieleza utafiti wao. Wanatafuta kumbukumbu tupu. Ukimwonyesha mtoto kitu, umekipima kitu. Ukimwanzia sentensi, umeipima sentensi yako.

"Na mtoto anayekumbuka, ila hawezi kuanza?"

"Asiyeweza kuanza hana, Bwana Feruzi. Hili tumelichunguza kwa miaka mingi. Tuna takwimu..."

Akasita. Machano alikuwa ametoka kwenda kuchukua chai. Mheshimiwa alitazama dari. Aligonga meza kwa kidole. Akaniambia kwamba joto la mwaka huu limezidi. Akaniuliza kama kwetu kuna joto. Nilimjibu, akaniuliza tena. Mlango ukafunguka, Machano akaweka sinia, akainama.

"...za kutosha," alimalizia Mpimaji Mkuu kwa uhodari. "Tuna takwimu za kutosha."

Nilimwuliza ana watoto wangapi.

"Wanne," Machano alinong'ona.

"Wanne," alisema Shaame, na uso wake ukajaa mapenzi ya baba.

Aliniruhusu kuutembelea Ukumbi wa Leo. Ni jengo zuri, lina hewa, na watoto hawapigwi. Nalisema hilo maana wenyewe walitaka nilitaje. Nilikuta madawati yamejaa, na mbele amesimama Mwalimu Time, mama wa makamo mwenye sauti nyororo, ameinua kijiko.

"Hiki ni kijiko," alisema.

"Kijiko," walijibu baadhi.

Hilo lilikuwa somo. Nilidhani ni la kufungulia asubuhi, nikasubiri la pili. Mwalimu alinielimisha wakati wa mapumziko: kwa kuwa watoto hawa hawana jana, hakuna cha kujengea juu yake. Kila asubuhi ni asubuhi ya kwanza. Kwa hiyo kila asubuhi wanaanza na kijiko, na jua likizama kijiko kinakwisha nalo.

"Hujapata kujaribu uma?" niliuliza.

"Kabla hawajakimudu kijiko?"

Mbele kabisa aliketi msichana mkubwa kuliko wenzake, Riziki, aliyekuwa ameingia hapo na meno ya utotoni. Hakujibu kitu asubuhi ile yote.

"Huyu ananiuma roho," alisema Mwalimu Time, na nilimwamini. "Alipokuja alikuwa wa kwanza kusema. Kijiko, kijiko! Kabla sijakiinua. Miaka ikapita, akapunguza, akapunguza, sasa hasemi kabisa. Kimempotea."

"Labda amechoka, mwalimu."

"Achoke na nini, kaka? Kwake kila siku ni mpya."

Saa ya chakula Riziki alikula wali kwa kijiko, vizuri, bila kumwaga punje. Nilimwonyesha mwalimu. Akaniambia hayo ni mazoea. Mazoea si kumbukumbu. Baadaye nilisomewa hitimisho la utafiti mkubwa wa wapimaji, kwamba watoto wa Ukumbi wa Leo hawajui kitu duniani isipokuwa kijiko, na kwamba kadiri wanavyokaa ndivyo wengine wanavyokisahau hata hicho. Nimesikia hitimisho la namna hiyo kwetu pia, likisomwa kwa sauti nyororo hiyo hiyo.

Siku ya Baraza, Mashavu alivaa kanga mpya, akamwacha Kombo kwa jirani, Bi Mize, na bata wake. Wajumbe waliketi kwa duara, kila mmoja na upepo wake nyuma, hata ukumbi mzima ukawa unafanya shii, shii, kama majani makavu.

"Sikuja kuomba mtihani mwepesi," Mashavu aliwaambia. "Naomba mtu amwanzie mwanangu. Sentensi moja, basi. Iliyobaki ataimaliza mwenyewe."

Mjumbe mmoja kijana, mwenye sifa ya kufikiri, alinyoosha kidole. "Ukimpa neno la kwanza, mama, la pili ni la nani?"

"Lake."

"Tutajuaje?"

"Mpe neno la kwanza la siku usiyoijua wewe, uone kama la pili utalitoa wewe."

Kijana aliegemea nyuma. Upepo wake haukuwa na la kumpa. Akashusha kidole.

Akainuka Bi Mgeni, mjumbe wa siku nyingi, mwenye ulimi. "Leo neno, kesho sentensi, keshokutwa tutamkodia na mdomo!" Baraza lilicheka. "Hivi, mama, huoni aibu? Wenzio watoto wakishindwa, hunyamaza."

"Nimenyamaza miaka miwili, bibi. Haikumsaidia."

Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, alisimama kwa kutegemea meza. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nina hoja moja tu, lakini nzito..." Akanyamaza. Macho yake yakawa kama ya mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Kijivu kikamwinamia. "...nayo ni kwamba mtu anayehitaji kusaidiwa kukumbuka, si mtu wa kuaminiwa."

Makofi yalikuwa marefu. Hakuna aliyecheka. Narudia, maana hili nitakufa nalo: hakuna hata mmoja aliyecheka.

Mashavu alingoja yaishe. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Na huyo aliye nyuma yako?"

"Nani?"

"Huyo wa koti. Aliyekurushia mate sikioni sasa hivi."

Mzee aligeuka kwa nia njema kabisa, akatazama pale pale alipokuwa mtu, akarudisha uso. "Sioni mtu, mwanangu."

Hapo Baraza lilivurugika. Bi Mgeni alijifunika mtandio. Wengine walipiga kelele: "Ameona! Ameona!" kama vile Mashavu amevua nguo. Nami nikasimama, nikawaambia wapo wengi, kila kiti kina wake, na huyu wa Mheshimiwa Shaame ameniita Feruzi! Sauti yangu haikuwa na adabu ya mgeni. Nilikalishwa katikati ya askari wawili, na hadi mwisho wa kikao niliona kila kitu juu ya mabega yao.

Shaame aliwatuliza. Hakuwa mtu wa ugomvi, alikuwa mtu wa ufumbuzi. Alimwegemea Machano kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akanyoosha mikono yake safi.

"Waheshimiwa, hakuna sababu ya kugusa sheria. Sheria haimkatazi mtu kuvumiwa na upepo. Inasema tu kwamba upepo huwavumia wenye cheo. Basi kilichopungua kwa mtoto huyu ni cheo."

"Hana cheo," walisema.

"Apewe."

Ungeona nyuso zao zilivyolegea. Kumwanzia mtoto sentensi lilikuwa jambo la kuiangusha nchi. Kumfanya mtoto wa miaka tisa kuwa Naibu Mkaguzi wa Madawati halikumsumbua mtu. Mikono yote ikapanda. Kombo akateuliwa hayupo, akatengewa mnong'onezi wa serikali na koti la cheo chake.

Mashavu hakuketi. "Na waliomo Ukumbini? Wale nao wakianziwa..."

"Mama," alisema Bi Mgeni, "umepewa chako. Unataka na cha jirani?"

Nilimwona Mashavu akipitisha kidole kwenye pindo la kanga, kutoka ncha hii hadi ncha ile. Nawajua watu wa mikutano, wenzangu, ambao wangetaka awatupie cheo chao usoni. Hao hawakuwa na mtoto wa kuchukuliwa Jumatatu.

"Napokea," alisema.

Jumatatu Chumba Cheupe kiliachwa wazi ili wajumbe washuhudie mlangoni. Mheshimiwa Kombo aliingia na koti lililokunjwa mikono mara nyingi, akasimama katikati. Nyuma ya bega lake alisimama kijana wa viatu laini, mhitimu wa juzi. Mbele, mpimaji mgeni.

"Jana," alisema mpimaji.

"Kama Mheshimiwa anavyokumbuka," alinong'ona mhitimu, "katika siku iliyotangulia Mheshimiwa aliamka salama na kuendelea na majukumu yake..."

Kombo alipapasa mshono wa koti.

"Kama Mheshimiwa anavyokumbuka..."

Nilikuwa nimekwisha kujifunza dalili. Mabega yalianza kupanda. Alikuwa anaondoka.

"Si hivyo!" Mashavu alisema kutoka mlangoni. "Hujamwambia kitu. Hiyo ni jana ya nani?"

"Watazamaji wanyamaze."

"Niacheni nimwanzie mimi."

"Anayeanza ni mnong'onezi peke yake, mama," alisema Shaame.

"Mnong'onezi ni nani? Nambieni. Ni nani huyo kisheria?"

Shaame akaegemea nyuma. Machano, kwa mazoea ya miaka ya kujibu haraka bila kuuliza jibu linakwenda kufanya nini, akampa. Na Shaame, kwa mazoea yale yale, akalitamka kwa sauti kabla hajalisikia: "Ni mtu yeyote asiyeonekana."

"Basi msinione," alisema Mashavu.

Alivua ndara, akaingia na miguu mitupu. Mhitimu akampisha. Alisimama nyuma ya bega la kushoto la mwanawe. Mpimaji alimtazama, akafumbua mdomo, akakumbuka adabu zake, akautazama ukuta. Mlangoni wajumbe wote walikuwa wakitazama ukuta.

"Jana," alisema mpimaji.

"Tulipofika kwa kinyozi," Mashavu alinong'ona, "kile kiti..."

"Kinazunguka." Mabega yalishuka. "Kinyozi akasema kaa. Nikakaa. Akasema usicheke. Nikacheka. Nywele ikaruka ikaingia kwenye chai yake. Chai ya kulia. Akainywa."

Mtu alicheka mlangoni. Ilikuwa kabla upepo wowote haujamwambia acheke.

"Kikombe kilikuwa kimoja," alinong'ona Mashavu.

"Viwili," alisema Kombo.

Nilikuwapo kwa kinyozi. Kilikuwa kimoja. Alikosea, kama mimi ninavyokosea, kama anavyokosea kila mtu aliye na jana.

"Na baada ya hapo?" aliuliza mpimaji, akavunja kanuni bila kujua.

"Tulipotoka nje..." alianza Mashavu.

"Mvua. Mama akasema tukimbie. Mimi sikukimbia. Ukikimbia, mvua ni ileile." Aliuambia ukuta maneno haya, na kwa mara ya kwanza yeye na Baraza zima walikuwa wakitazama mahali pamoja.

Ikatangazwa kwamba Mheshimiwa ana jana.

Mchana huo huo wakapitisha azimio kwamba tangu sasa hakuna mtoto mwingine atakayepewa cheo. Nililitarajia. Wakubwa hufunga mlango mara tu mtu mmoja akipita, kisha hukuonyesha huyo mmoja kila ukilalamika. Lakini cheo walichokwisha kutoa hawakukiondoa. Kukiondoa kungekuwa kukiri kilitolewa kwa nini. Na Naibu Mkaguzi wa Madawati anayo haki ya kuingia kila jengo la serikali lenye madawati.

Jumanne asubuhi Mashavu alimvalisha mwanawe koti. Mimi nilifuatana nao kama mgeni wa Mheshimiwa.

Mlinzi wa Ukumbi wa Leo alimpigia saluti Kombo, akamwachia njia pana ya ajabu mtu ambaye hakumwona. Ndani, Mwalimu Time alikuwa ameinua kijiko. Alisita, akaendelea. Kombo aliifanya kazi yake kwa haki: alipitisha kiganja juu ya kila dawati, ukingo kwa ukingo, na penye kibanzi aliguna. Nyuma yake alikuja Mashavu bila kiatu, akiinama kwenye kila sikio. Wengine walimwepuka. Mmoja aliziba masikio. Hakulazimisha.

Akafika kwa Riziki. Nilisikia akisema peke yake, "Huyu simjui hata kidogo. Nimwanzie wapi?" Kisha akainama. "Siku ulipoletwa hapa... pale mlangoni..."

Riziki alitazama meza.

"Hiki ni kijiko," alisema Mwalimu Time.

"Pale mlangoni," alirudia Mashavu, "aliyekuwa amekushika mkono..."

Kombo alimaliza dawati, akaanza jingine.

"Baba," alisema Riziki. Sauti ilikuwa na kutu. "Alikuwa amevaa viatu vya kazini. Akasema nisilie, watu wanatazama. Akasema Ijumaa atakuja na mama. Nikasema Ijumaa ipi. Akasema hii hii." Akaondoa macho mezani. "Ijumaa naoga mapema."

Mwalimu Time alibaki amekiinua kijiko chake, mkono ukianza kuchoka.

"Ni kweli," alisema baadaye, si kwa mtu yeyote. "Ijumaa huoga mapema. Miaka yote hii. Mimi nikasema ni mazoea."

Akakiweka kijiko mezani. Mlinzi alikuwa mlangoni, na wapimaji wawili waliotumwa kumfuatilia Mheshimiwa walikuwa wameketi nyuma ya darasa. Mbele yao wote, mwalimu alimtazama Mashavu usoni.

"Dada," alimwambia, "huyo anayefuata anaitwa Faki. Alipoletwa, nguo zake zilikuwa na chumvichumvi. Nadhani kwao ni karibu na mashamba ya chumvi. Jaribu kuanzia hapo."